Kichakataji: kukibadilisha, kukiboresha au kukiacha kilivyo

kichakataji *nm* [ki-/vi-] kifaa cha kompyuta kinachotekeleza amri za programu na kukokotoa data.

Sentensi *Nataka kuboresha kichakataji cha kompyuta yangu ya michezo* haina kosa la sarufi. Hata hivyo, kitenzi chake kimekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Anayesema *kuboresha* anadai kwamba hali itakuwa bora. Hajasema kitakachofanywa, wala hajaonyesha kwamba kichakataji ndicho chenye kasoro. Kwa mwanafunzi aliyejiwekea akiba ya miezi kadhaa, tofauti hiyo si ya kinadharia: anaweza kulipia kifaa kipya na kuuona mchezo uleule ukienda mwendo uleule. Makala hii inaeleza istilahi za jambo hili pamoja na hoja zinazoongoza uamuzi wenyewe, kwa kuwa mfasiri asiyezielewa hoja hizo hawezi kuchagua maneno kwa uhakika.

Asili ya neno

Kitenzi *chakata* kina maana ya kuponda au kukatakata kitu. Katika viwanda vya mkonge, jani huchakatwa ili nyama yake itoke na nyuzi zibaki. Kutoka hapo maana imepanuka: mazao huchakatwa, taka huchakatwa, na siku hizi taarifa pia huchakatwa. Kitenzi hicho kimezaa nomino tatu zinazopaswa kutenganishwa. *Mchakato* [m-/mi-] ni mfululizo wa hatua za kazi; *mchakataji* [m-/wa-] ni mtu afanyaye kazi hiyo; *kichakataji* ni kifaa. Kuandika *mchakato wa kompyuta* kwa maana ya kifaa ni kosa linalojitokeza katika tafsiri za haraka.

Katika mazungumzo, na hasa madukani na kwa mafundi, husikika zaidi *prosesa* [i-/zi-]: *Fundi, prosesa hii inaingia kwenye bodi yangu?* Neno hilo si la kubezwa. Linalotakiwa ni mwandishi ashikilie neno moja katika matini moja, na upatanisho wa kisarufi ulifuate: *kichakataji kimechoka*, lakini *prosesa imechoka*.

Vitenzi vitatu, maana tatu

*Kubadilisha* ni kuondoa kitu na kuweka kingine mahali pake. Kitenzi hiki kinataja tendo tu, wala hakiahidi matokeo: *Amebadilisha kichakataji, lakini mchezo unakwamakwama kama zamani.*

*Kuboresha*, kutokana na *bora*, kunataja matokeo. Sentensi *Ameboresha kompyuta, lakini haikuwa bora* inajipinga yenyewe.

*Kusasisha*, kutokana na *sasa*, ni kukifanya kitu kilingane na wakati uliopo. Kitenzi hiki kinafaa kwa programu: mfumo endeshi husasishwa, na vilevile programu ya BIOS iliyo ndani ya ubao mama. Kifaa cha kushikika hakisasishwi, hubadilishwa.

Kwa hiyo, tafsiri sahihi ya maelekezo ya fundi inaweza kuvihitaji vitenzi vyote vitatu: *Sasisha BIOS kwanza, kisha badilisha kichakataji, ndipo utakapojua kama umeiboresha kompyuta.*

Kazi ya kichakataji katika mchezo

Picha ya mchezo ni mfululizo wa fremu. Kwa kila fremu, kichakataji hukokotoa mahali pa kila mhusika, migongano ya vitu, mienendo ya maadui na sauti, kisha huandaa amri za uchoraji. Kadi ya michoro huzipokea amri hizo na kuchora. Wakati kadi inachora fremu moja, kichakataji huwa kinaandaa inayofuata. Mwendo wa mchezo, basi, huamuliwa na yule anayechelewa kati ya hao wawili.

Hesabu ndogo inatosha kulithibitisha hilo. Tuseme kichakataji kinahitaji milisekunde 12 kwa kila fremu, na kadi milisekunde 8. Mchezo utaonyesha fremu 83 hivi kwa sekunde, kwa sababu 1000 ikigawanywa kwa 12 ni 83. Kadi mpya inayochora kwa milisekunde 4 haitaongeza hata fremu moja. Kichakataji kipya kinachomaliza kwa milisekunde 6 kitaongeza, lakini si hadi fremu 166; kadi yenye milisekunde 8 ndiyo itakayokuwa inachelewa, na mchezo utasimama kwenye fremu 125.

Sehemu inayowachelewesha wenzake ndiyo ambayo baadhi ya wafasiri huiita *shingo ya chupa*. Msemo huo umeletwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na msomaji wa Kiswahili asiyeufahamu hubaki akitafuta chupa iko wapi. *Kikwazo* kinatosha: *Katika kompyuta hii, kikwazo ni kadi ya michoro.*

Kukitambua kikwazo

Jaribio lililo rahisi halihitaji kununua chochote. Mchezaji huondoa kwanza kikomo cha fremu katika mipangilio ya mchezo, kisha hupunguza idadi ya pikseli, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kazi ya kadi hupungua sana, ilhali ile ya kichakataji hubaki karibu palepale. Fremu zikiongezeka waziwazi, kikwazo kilikuwa kadi. Zisipoongezeka, kuna sababu ya kukishuku kichakataji.

Kipimo cha matumizi ya kichakataji kinachoonekana kwenye skrini kinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kichakataji chenye viini 6 na nyuzi 12 kinaweza kuonyesha matumizi ya asilimia 30 na bado kikawa ndicho kikwazo. Uzi mmoja ukitumika wote ni kama asilimia 8 tu ya jumla, na michezo mingi hutegemea uzi mmoja mkuu unaosubiriwa na kazi nyingine zote. Kipimo cha kadi ya michoro hueleza mengi zaidi: kikikaribia asilimia 99 muda wote, kadi inafanya kazi kwa uwezo wake wote.

Yapo pia marekebisho ya gharama ndogo yanayostahili kutangulia. Kichakataji kilichojaa vumbi hupata joto na kujipunguzia kasi. Kompyuta yenye kipande kimoja cha kumbukumbu mara nyingi huwa nzito kuliko yenye vipande viwili vya jumla ileile. Programu zinazoendeshwa kimyakimya nyuma ya mchezo nazo hula sehemu yao.

Soketi na gharama iliyojificha

*Soketi* [i-/zi-] ni kiota cha kichakataji kwenye ubao mama. Hapa ndipo neno *kubadilisha* linapoweza kupanuka bila mnunuzi kutambua.

Chukuliwe kompyuta yenye Ryzen 5 1600 ya AMD, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na viini 6, nyuzi 12 na kache ya ngazi ya tatu ya megabaiti 16. Kiota chake ni AM4, na AMD iliendelea kutoa vichakataji vya kiota hicho kwa miaka mingi. Mwaka 2022 ilitoa Ryzen 5 5600, yenye viini na nyuzi kwa idadi ileile lakini kache ya megabaiti 32, na Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8 na kache ya megabaiti 96. Mwaka huohuo mbao mama nyingi za kizazi cha kwanza cha AM4 zilipata BIOS ya kuvipokea vichakataji hivyo. Mwenye kompyuta hiyo anaweza kubadilisha kifaa kimoja tu. Masharti yake ni kwamba ubao wake uwe katika orodha ya mtengenezaji, na BIOS isasishwe *kabla* ya kichakataji cha zamani kung'olewa. Kinyume chake, kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Kipozeo nacho kihesabiwe: 5600 huuzwa ikiwa nacho, 5800X3D haikuuzwa nacho.

Hali ni nyingine kwa mwenye Core i7-7700K ya Intel, nayo ya mwaka 2017. Vichakataji vya kizazi kilichofuata viliwekwa katika kiota chenye idadi ileile ya miguso, 1151, lakini vilihitaji ubao mama mpya. Kwake, *kubadilisha kichakataji* maana yake ni kubadilisha kichakataji na ubao, na pengine kumbukumbu pia, kwa kuwa viota vipya kama AM5 hupokea DDR5 pekee.

Mfano wa 5800X3D unafundisha jambo jingine. Kasi yake ya juu, gigahezi 4.5, ni ndogo kuliko gigahezi 4.7 za ndugu yake 5800X, lakini huishinda katika michezo mingi. Sababu ni *kache*, yaani akiba ya kumbukumbu iliyo karibu kabisa na viini. Data ikipatikana humo, kichakataji hakisubiri iletwe kutoka mbali. Tafsiri inayosema *kichakataji chenye kasi zaidi* kwa kutazama gigahezi pekee inaweza kumpotosha mnunuzi.

Uamuzi

Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mchezo ukifikia fremu 60 bila kutetereka, fremu za ziada hazitaonekana kwenye skrini hiyo, na pesa zinaweza kukaa mfukoni. Kikwazo kikiwa kadi ya michoro, kichakataji kipya ni dawa ya ugonjwa mwingine. Kikiwa kichakataji, na kiota kikakubali kipya, kubadilisha kuna maana. Ikiwa kiota hakikubali, gharama inayopaswa kupimwa ni ya mfumo mzima, na huenda kusubiri kukawa busara zaidi.

Kuna sababu moja isiyohusiana na fremu. Windows 11 haiorodheshi Ryzen 5 1600 wala Core i7-7700K miongoni mwa vichakataji inavyovikubali, na huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta hiyo anaweza kuridhika na mwendo wa michezo yake, ilhali akawa na haja ya kubadilisha kichakataji kwa ajili ya usalama wa data zake.

Kwa wafasiri na walimu

Kitenzi kichaguliwe kwa kuuliza kinachojulikana. Tendo likijulikana na matokeo yakawa bado, iandikwe *kubadilisha*. Matokeo yakishapimwa, *kuboresha* ni haki yake. Programu *husasishwa*. Katika zoezi la darasani, wanafunzi wanaweza kupewa sentensi *Duka litakuboreshea kichakataji kwa bei nafuu* na kutakiwa waiandike upya bila ahadi isiyothibitishwa. Jibu linalokubalika ni *Duka litakubadilishia kichakataji kwa bei nafuu*. Kama kompyuta itakuwa bora, hilo litaonekana mchezo utakapowashwa.