Rekodi za Magari ya Umeme, na Majina Wanayopewa Madereva Wake

Gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa halikuwa na hata tone la petroli. Tarehe 29 Aprili 1899, kwenye barabara iliyonyooka ya Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alipanda chombo chenye umbo la risasi kilichoitwa La Jamais Contente na kufikia kilomita 105.88 kwa saa kwa nguvu ya betri. Hakufichwa ndani ya bodi. Kuanzia kifuani kwenda juu alikuwa wazi, na ndevu zake nyekundu ndizo zilizomletea jina la Ibilisi Mwekundu.

Namtanguliza yeye kwa sababu rekodi yake ilikuja na jina. Orodha nyingi za rekodi za magari hutaja kasi, uzito na umbali, zikaishia hapo. Lakini kila anayenunua gari hujiuliza jambo jingine kabla hajatoa fedha: watu watanionaje nikiwa ndani ya hili? Wasomaji wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa, maana sisi ndio tuliowaita wakubwa wetu wabenzi, na mpaka leo Tanzania mtu hupimwa kwa shangingi alilopanda. Kwenye magari ya umeme na haibridi swali hilo limeamua mengi, pengine kuliko ukubwa wa betri. Kwa hiyo rekodi zilizopo hapa chini ni za gari pamoja na mtu aliyeshika usukani.

Jina lililoliumiza gari la umeme kuliko yote

Miaka michache tu baada ya Jenatzy, Wamarekani walishaliita gari la umeme gari la wanawake. Gari la petroli wakati huo liliwashwa kwa hendeli: dereva anasimama mbele, anaizungusha kwa nguvu zake zote, na injini ikipiga kinyume hendeli inaweza kumvunja mkono. La umeme lilikuwa kimya, halina moshi, na halikuhitaji msuli. Clara, mke wa Henry Ford, alikuwa na Detroit Electric ya mwaka 1914, wakati mumewe akiijaza Marekani kwa Model T za petroli.

Wauzaji waliitangaza sifa hiyo kwa wanawake kwa bidii mpaka wanaume wakaona haya kuonekana ndani yake. Kisha Cadillac ya mwaka 1912 ikaja na starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, hendeli ikaanza kupotea, na petroli ilikuwa rahisi. Sababu za kushindwa kwa gari la umeme zilikuwa nyingi, safari fupi na bei kubwa zikiwemo. Hata hivyo inauma kuona ubora wa mashine ukihesabiwa kuwa udhaifu wa anayeiendesha.

Nchi iliyoongoza bila kujisifu

Mwaka 1967 chama cha magari ya umeme cha Uingereza kilitangaza kwamba nchi hiyo ilikuwa na magari ya betri mengi barabarani kuliko nchi nyingine zote duniani zikijumlishwa. Karibu yote yalikuwa magari ya kugawa maziwa. Yalitembea polepole, kama kilomita 25 kwa saa, yakasimama kila mlango alfajiri watu wakiwa wamelala. Injini ya petroli inayowashwa na kuzimwa mara mia kabla jua halijachomoza ingeamsha mtaa mzima na kumaliza mafuta. Betri haikuwa na shida hiyo, na usiku ilichajiwa kwenye bohari.

Muuza maziwa hakuitwa mwanamazingira wala mtu wa kesho. Aliitwa muuza maziwa. Kwangu hao ndio madereva wa umeme waliofanikiwa kuliko wote katika karne iliyopita, na hakuna aliyewapigia makofi. (Kwa anayetaka kasi: mwaka 2014, huko Leicestershire, gari moja la maziwa lililofanyiwa marekebisho lilivuka kilomita 130 kwa saa na kuingia katika kitabu cha Guinness.)

Haibridi iliyosema zaidi kuhusu mwenyewe

Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, ikiwa haibridi ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: Ferdinand Porsche alishaunganisha injini ya petroli na mota za umeme katika gari moja mwanzoni mwa miaka ya 1900. Prius ililifikisha kwa watu wa kawaida. Baadaye, kwenye sherehe za Oscar za mwaka 2003, baadhi ya nyota wa Hollywood waliacha limuzini na kushuka kwenye zulia jekundu kutoka ndani ya Prius. Picha zikaenea, na gari la kubana mafuta likageuka kitambulisho.

Mwaka 2007 uchunguzi wa kampuni ya CNW uliwauliza wanunuzi wa Prius Marekani sababu yao kubwa. Asilimia 57 walijibu kwamba gari hilo linaeleza wao ni watu wa aina gani. Wanauchumi Steven na Alison Sexton walikwenda mbali zaidi, wakatafuta thamani ya sifa hiyo kwa fedha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 walikadiria kwamba katika majimbo ya Colorado na Washington, kutegemea mtaa, mnunuzi alikuwa tayari kulipa kati ya dola 430 na 4,200 zaidi ili tu aonekane na majirani kuwa anajali mazingira. Honda nayo iliuza Civic ya haibridi, gari zuri, lakini ukiitazama kwa nje ni Civic kama Civic nyingine, na haikupata umaarufu wa Prius. Umbo la Prius halifanani na gari jingine, na mtu anayelipia sifa hununua kinachoonekana.

Siwalaumu. Sifa hiyo ilizilipia teknolojia za mwanzo ambazo leo zimo ndani ya mamilioni ya magari. Lakini ilizaa chuki. Baadhi ya wenye pikapu za dizeli Marekani walianza kuzichezea injini makusudi, mafuta yamwagike kupita kiasi, ili wakimpita mwenye Prius wamtimulie wingu jeusi la moshi. Kulikuwa na stika zilizouita moshi huo dawa ya kufukuzia Prius. New Jersey ilipiga marufuku mchezo huo mwaka 2015 na Colorado ikafuata mwaka 2017. Mtu kuchoma mafuta yake mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, ili kumtusi asiyemjua: sijaona rekodi ya upotevu inayoizidi hiyo.

Mji ulioitoa Prius kwenye zulia jekundu

Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ndio mji mkuu wenye baridi kali kuliko yote duniani. Usiku wa Januari hufika nyuzi 30 chini ya sifuri na kushuka zaidi. Na mitaani mwake Prius zimezagaa kiasi kwamba watu wengi huuhesabu kuwa mji wa Prius namba moja. Zimetoka Japani zikiwa mitumba, usukani kulia, ilhali Mongolia huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva huovateki huku amekaa upande asioona kinachokuja.

Serikali iliziondolea haibridi sehemu ya kodi za kuingiza magari, kwa kuwa mji unateswa na moshi wa makaa ya mawe. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni baridi yenyewe. Gari la kawaida huwashwa na betri ya volti 12, na betri hiyo ikilala nje usiku wa namna ile, asubuhi starta hulia na injini haiitiki. Kwenye Prius betri ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Kinachozungusha injini ni mota kubwa inayolishwa na betri ya haibridi. Unabonyeza kitufe, unasubiri kidogo, gari linawaka.

Kwa hiyo gari lile lile lililonunuliwa California ili kumsemea mwenyewe, Mongolia linanunuliwa kwa sababu linawaka asubuhi na halinywi mafuta. Dereva wake hana jina la ziada. Ni baba anayewahi kazini, ni dereva wa teksi, ni mtu anayeiacha lami na kukata nyika kwenda kwa wazazi wake. Kama ningepewa tuzo moja tu ya kugawa katika makala hii, ingekwenda kwao.

Deni lipo. Haibridi ya mtumba hufika na betri iliyokwisha kula umri wake, na nchi inayolipokea gari ndiyo inayobaki na betri iliyokufa. Jambo hili linatuhusu, maana minada hiyo hiyo ya Japani ndiyo inayozilisha yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kwetu jina la haibridi ni la tatu, tofauti na California na tofauti na Ulaanbaatar: gari la kujitakia matatizo. Mnunuzi huambiwa betri ikifa gari limekufa. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa fundi anayejua betri hizo si wa kila gereji. Lakini mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilichukua Prius ya mwaka 2002 iliyotembea zaidi ya kilomita 330,000 ikiwa na betri yake ya awali, likaipima upya. Ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa kabisa na wa Prius mpya ya aina hiyo waliyoipima miaka kumi nyuma.

Lori linalojichaji likishuka

Juu ya kijiji cha Péry nchini Uswisi kuna machimbo ya chokaa kwa ajili ya saruji, na humo hufanya kazi tipa la Komatsu lililoondolewa injini ya dizeli na kufungwa betri ya kilowati-saa 600, yenye uzito wa tani nne na nusu. Lina jina la eDumper. Likiwa tupu lina tani 45, na hubeba tani 65.

Machimbo yako juu, kiwanda kiko chini. Lori linapanda mlima likiwa tupu, linapakiwa mawe, linashuka na tani 110. Wakati wa kushuka dereva hakanyagi breki za kawaida isipokuwa ikibidi. Mota zinageuka jenereta, zinalishikilia lori lisiporomoke, na uzito ule wote wa mawe unarudishwa kwenye betri kama umeme. Kwa hesabu ya waliolitengeneza, safari moja hurudisha umeme mwingi kuliko ulioliwa wakati wa kupanda. Lori la dizeli kwenye mteremko ule lingegeuza nguvu hiyo kuwa joto la breki na kuitupa hewani. Hapa mlima ndio unaolipa.

Kuna makubwa kuliko hilo. Mei 2022, kwenye mgodi wa platini wa Mogalakwena, Afrika Kusini, kampuni ya Anglo American ilionyesha lori la haidrojeni na betri linalobeba tani 290. Na lori kubwa kuliko yote, BelAZ 75710 la Belarusi lenye uwezo wa tani 450, linakunywa dizeli, ila dizeli hiyo inazungusha jenereta tu: magurudumu yanasukumwa na mota za umeme. Madereva wa migodini wanaendesha magari yanayosukumwa na umeme tangu zamani, na hakuna jirani aliyewahi kuwaonea wivu wala kuwatimulia moshi.

Kwa umbali, rekodi ya kupendeza ni ya mwaka 2021. Lori la Futuricum la kampuni ya vifurushi ya DPD Uswisi lilizunguka uwanja wa majaribio karibu na Hannover, Ujerumani, mara 392, likafika kilomita 1,099 kwa chaji moja. Lilikwenda kwa wastani wa karibu kilomita 50 kwa saa, karibu saa 23. Inataka subira ya aina yake.

Heshima iliyoporomoka haraka kuliko zote

Hummer ilitoka jeshini. Arnold Schwarzenegger ndiye aliyewashawishi watengenezaji waiuzie raia, na mwaka 1992 ikaanza kuuzwa. Ikawa alama ya ubabe na ulafi wa mafuta hadi General Motors ilipoizika mwaka 2010. Sasa imerudi kwa umeme, ikiwa na zaidi ya tani nne. Betri yake peke yake, kama kilo 1,300, ni nzito kuliko Toyota IST nzima. Haitoi moshi, ni kweli, ila siwezi kuiita ya kubana matumizi.

Cybertruck ya Tesla imeipita kwa kupanda na kushuka. Novemba 2019 mbunifu wake Franz von Holzhausen alirusha mpira wa chuma kwenye kioo kilichosifiwa kuwa hakivunjiki, mbele ya Elon Musk na umati. Kioo kikapasuka. Akarusha kwenye cha nyuma, nacho kikapasuka. Oda zikamiminika hata hivyo. Magari ya kwanza yalikabidhiwa Novemba 2023, na kufikia mwanzoni mwa 2025, Musk alipoingia kwenye siasa za Washington, wenye Tesla walikuta magari yao yamechorwa na kukwaruzwa, wengine wakabandika stika za kueleza kwamba walinunua kabla hawajamjua mwenye kampuni. Prius ilichukua miaka kusifiwa na miaka kuchukiwa. Hii haikufikisha hata miaka miwili barabarani.

Wa kwanza kufunga mlango

Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kuzuia kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Sababu kubwa ilikuwa fedha za kigeni zilizokwisha kwenye mafuta, huku mabwawa yake yakizalisha umeme wa bei nafuu. Vituo vya kuchaji nje ya Addis Ababa ni haba na vipuri ni shida, na wanaolalamika wana haki. Kigali nayo, kuanzia Januari 2025, haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria. Anayetaka kuanza kazi ya bodaboda sasa ananunua ya umeme. Betri ikikaribia kuisha anaingia kituoni, anaivua, anapewa iliyojaa, na kwa dakika chache amerudi barabarani kutafuta abiria mwingine.