Utalii wa baiskeli katika Korogwe na Handeni

Utalii wa baiskeli ni kusafiri kwa baiskeli kwa ajili ya starehe na kuona nchi, bila kushindana mbio. Barani Ulaya wengi hupenda kufuata mto, kwa sababu ardhi ya kando ya mto haina milima mikali na vijiji vya kupumzikia havikosekani. Njia inayojulikana sana ni ile ya mto Danubi kutoka Passau (Ujerumani) hadi Vienna (Austria), yenye zaidi ya km 300. Hata familia zenye watoto huimaliza, kwa kawaida katika muda wa wiki moja hivi.

Katika mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, mto unaokaribiana na mfano huo ni Pangani. Una urefu wa km 500 hivi. Maji yake hutoka milima ya Kilimanjaro na Meru, hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu mji wa Korogwe, na kuishia katika Bahari Hindi penye mji wa Pangani. Hakuna njia ya baiskeli iliyojengwa kando yake. Anayetaka kuufuata hutumia barabara kuu, barabara za vumbi na vijia vya vijijini.

Kutoka Korogwe hadi Hale

Safari inayotosha siku moja ni kutoka Korogwe kupitia Segera hadi Hale, km 30 hivi. Kwa mwendo wa pole wa km 12 kwa saa, hiyo ni saa mbili na nusu za kupiga pedali, mbali na mapumziko. Upande wa kaskazini huonekana milima ya Usambara, na sehemu kubwa ya njia hupita katika nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na kurahisisha kusafirisha katani hadi bandarini. Mashamba haya yana wenyewe, hivyo ni vema kuomba ruhusa kabla ya kuingia katika barabara zake za ndani, ingawa ndizo tulivu kuliko zote.

Huko Hale mto huanguka ghafla kuelekea pwani. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Chini yake kiko cha Maporomoko ya Pangani chenye megawati 68, kilichokamilika katikati ya miaka ya 1990.

Hatari kubwa si mteremko bali magari. Barabara kuu ya Korogwe hadi Segera ndiyo ya mabasi na malori yaendayo Moshi na Arusha, na dereva anayepita gari lingine hamhesabu mwendesha baiskeli. Ni afadhali kuondoka alfajiri, kushika kushoto kabisa na kuvaa nguo ya rangi inayong'aa. Mtoni kuna mamba. Kunawa miguu ukingoni si jambo la kujaribu pasipo kuwauliza wenyeji. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, udongo wa vijia hugandamana na magurudumu hata baiskeli ikabebwa begani. Miiba nayo hutoboa tyubu, lakini mafundi wa kuziba pancha wako karibu kila senta.

Kupanda Handeni

Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ina km 65 hivi, nayo huuacha mto nyuma. Korogwe iko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, Handeni zaidi ya mita 600. Mtu mwenye mazoezi huhitaji saa tano au sita, na maji ya kutosha, kwa kuwa nchi ya Wazigua ni kavu kuliko bonde.

Hapa baiskeli hutumika kwa kazi kuliko kwa matembezi. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu matatu yakifungwa kwenye keria na pembeni ni kilo 60, na penye mwinuko mwenye baiskeli hushuka akasukuma. Msafiri wa starehe anayekutana na mzigo huo hana budi kumpisha.

Uhaba wa maji wa Handeni ni wa miaka mingi. Mradi unaojulikana kama HTM huchota maji ya Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni, na mji huo umo pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Bomba linapotoa maji karibu na nyumbani, baiskeli ileile hupakia mahindi kwenda sokoni.