Adui Aingiaye kwa Mlango

Leo twataka kuzungumza juu ya dondakoo, ugonjwa wa koo ambao huwashika hasa watoto.

Wengi wetu hudhani kwamba bakteria wenyewe ndio wauao. Mwaka 1888, mjini Paris, Emile Roux na Alexandre Yersin waliyachuja maji waliyokuzia bakteria hao, asibaki hata mmoja, wakawadunga wanyama maji yale. Wanyama wakafa. Ndipo ikajulikana kwamba bakteria hukaa kooni, lakini hutoa sumu ambayo husafiri katika damu hata kufika moyoni na kwenye mishipa ya fahamu.

Je, sumu hiyo huingiaje? Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na kila chembe imezungukwa na utando, kama boma lizungukwavyo na ua. Sumu haiuvunji ua huo. Ina sehemu mbili zilizofungwa pamoja: moja hushika, nyingine huua. Ile ya kushika hutafuta juu ya utando protini fulani, ambayo chembe huiweka pale kwa kazi yake njema ya kukuza mwili na kuponya vidonda. Hapo hunasa kama ufunguo katika kufuli. Panya naye ana protini ya namna hiyo, ila umbo lake ni tofauti kidogo. Sumu haipati pa kushika, na panya hadhuriki upesi.

Chembe ina desturi ya kumeza vitu vilivyoshikamana na utando wake. Basi huimeza sumu ndani ya kifuko kidogo, kisha hutia asidi humo. Kumbe asidi hiyo ndiyo sumu iliyokuwa ikiingojea! Hubadilika umbo, hujichomeka katika ukuta wa kifuko, na ile sehemu ya kuua hupenya hata ndani. Huko huzuia chembe isitengeneze protini zake, nayo hufa. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1978 kwamba molekuli moja tu ya sehemu hiyo yatosha kuua chembe nzima.

Wazazi, tuangalie sana jambo hili. Dawa ya kupinga sumu huikamata ingali nje ya chembe. Ikishaingia, dawa haiifikii tena. Kwa hiyo mtoto mwenye homa, utando wa kijivu kooni na shingo iliyovimba asingojeshwe nyumbani hata kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Chanjo hutangulia mbele zaidi. Hutengenezwa kwa sumu hiyo hiyo iliyokwisha kuondolewa ukali, ili mwili ujifunze kuizuia kabla haijashika mlango. Kwetu Kenya mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Tusiseme, "Ugonjwa huu siku hizi hatuuoni." Nchini Nigeria ulirudi kwa nguvu mwaka 2023, na wengi walioupata hawakuwa na chanjo kamili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi jioni hii tukitoe kile kitabu cha kliniki, tutazame kama chanjo zote tatu zimeandikwa. Ikiwa moja imesahauliwa, tusione haya kwenda kuuliza. Mtoto ni amana tuliyokabidhiwa.