Kigari cha chuma kina somo, walimu tusikidharau

Wahenga walituonya tusidharau kiselema, kwani hulima kikapita jembe zima. Methali hii ilinijia majuzi mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alipoingia ofisini mwangu kuchukua insha yake. Baada ya kuniamkia, macho yake yalitua kwenye rafu ambako, katikati ya kamusi na vitabu vya sarufi, nimeegesha vigari vya chuma kumi na vinne.

"Mwalimu," akauliza kwa adabu, ingawa kicheko kilimponyoka, "hivi ni vya mwanao?"

Nilimjibu kwamba ni vyangu mwenyewe. Hapo akanitupia swali ambalo sijaacha kulitafakari: mtu mzima, tena mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, anapata somo gani katika vigari vya kuchezea vya Wamarekani? Nilimpa jibu la harakaharaka, naye akaenda zake. Leo ningependa kumjibu inavyostahili, yeye pamoja na walimu wenzangu.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Vigari ninavyokusanya ni mifano midogo ya yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Wengi husema mtindo huo ulianza na Pontiac GTO ya 1964. Wahandisi, John DeLorean akiwa mmoja wao, walichukua gari la ukubwa wa kadiri na kulitia injini ya silinda 8 yenye inchi za ujazo 389. Yakafuata mengine, kama vile Plymouth Road Runner ya 1968 na Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970. Kigari cha mfano huundwa kwa aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji. Kisha hupakwa rangi na kutiwa vioo na magurudumu. Katika vile vikubwa, milango hufunguka, boneti huinuka, na usukani ukizungushwa magurudumu ya mbele hugeuka.

Somo la kwanza ni la lugha. Miongoni mwa vigari vyangu kuna Chevrolet Impala SS ya 1961, gari ambalo lingeweza kutiwa injini ya inchi za ujazo 409. Nembo yake ni swala anayeruka. Neno "impala" liliingia katika Kiingereza kutoka Kizulu, na Kizulu, sawa na Kiswahili, ni lugha ya Kibantu. Sisi humwita mnyama huyo swala pala. Ukiondoa viambishi vya ngeli vilivyo mwanzoni mwa neno la Kizulu, utabaki na "pala" yetu hiyo hiyo. Kwa Kiswahili nazali hudondoka mbele ya p, na ndiyo maana twasema "pembe" wala si "mpembe". Kumbe neno la Kibantu lilivuka bahari, likabandikwa kwenye gari na kampuni ya Marekani, kisha likarejea Kenya na kutua kwenye rafu yangu! Nimewahi kukipeleka kigari hicho darasani, na wanafunzi ambao husinzia wakisikia "kiambishi awali" siku hiyo walikaa macho.

Somo la pili ni la hesabu. Vigari hivi hutengenezwa kwa uwiano maalumu, na uwiano unaopendwa sana ni 1:18 na 1:64. Impala ya 1961 ilikuwa na urefu wa takriban mita 5.3. Kwa uwiano wa 1:18 inakuwa sentimita 29 na nusu hivi, na kwa 1:64 inapungua kufikia sentimita 8 na kidogo. Lakini muulize mwanafunzi ni vigari vingapi vya 1:18 vingejaza nafasi ya gari lenyewe. Wengi watasema 18. Jibu ni 18 mara 18 mara 18, yaani 5,832.

Somo la tatu ni la historia. Magari haya yalitamba kwa miaka michache tu. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana walioyaendesha, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi wake, na mnamo Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaiwekea Marekani vikwazo vya mafuta. Misuli ikanywea. Isitoshe, nakiri kwamba yalibugia petroli bila huruma na kwamba mwendo wake wa kasi uligharimu maisha. Mimi sikusanyi vigari ili niyatukuze.

Basi kwa nini nakusanya? Hapa ndipo jibu langu kwa yule kijana lilipopungukiwa na ukweli.

Nikiwa darasa la tano, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliunda gari la waya. Magurudumu niliyakata kutoka kwa ndara zilizochakaa, na usukani wake ulikuwa fimbo ndefu iliyonifika kifuani. Nililifanyia kazi wiki nzima. Nilipolipeleka shuleni, mwalimu wetu alilikanyaga mbele ya darasa na kusema, "Gari haliji katika mtihani." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na mtihani ulimkaba koo. Lakini sikuliokota gari lile, wala sikuunda jingine tena maishani. Sasa nanunua yaliyoundwa na wengine.

Inasimuliwa kwamba huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, shule moja iliwaruhusu watoto kuleta tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kiberiti. Jack Odell, mhandisi wa kampuni ya Lesney, alimwundia bintiye mtambo mdogo wa kushindilia barabara uliotosha humo. Mnamo 1953 vikaanza kuuzwa vigari vya Matchbox, vilivyosambaa duniani kote. Shule ile iliweka mpaka, lakini haikukanyaga.

Mtaala wa umilisi umetufungulia mlango, kwa kuwa unamtaka mtoto aunde kwa mikono yake. Hata hivyo, mlango huo hauna maana iwapo mzazi ananunua kifaa dukani usiku na mwalimu anatoa alama asubuhi bila kuuliza swali.

Walimu wenzangu, mtoto akija na gari la waya, msimwulize litamsaidia nini katika mtihani. Mwambieni aitaje kila sehemu yake kwa Kiswahili, apime urefu wake, akokotoe uwiano, kisha aandike insha kuhusu alivyoliunda. Mtakuwa mmefundisha masomo matatu kwa kipande kimoja cha waya. Nawe mwanafunzi wangu, ukipita tena ofisini, niletee ulichokiunda mwenyewe. Nafasi rafuni ipo.