Goma: Miguu kuvimba si karuho kila mara, wakaaji wa Ndosho wapimishe moyo

Katika mtaa wa Ndosho, komini ya Karisimbi mjini Goma, mtu akianza kuvimba miguu, kukohoa usiku na kupumua kwa shida, neno linalosikika haraka kwa majirani ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu wanaiogopa sana. Familia inatafuta mtu wa kumtapisha mgonjwa. Inatafuta pia adui aliyemtilia sumu kwenye kinywaji, na hapo ndugu wanaanza kukosana. Wiki zinapita. Kumbe dalili hizo tatu zikikutana pamoja, jambo moja ambalo daktari analifikiria mapema ni moyo uliochoka.

Ndosho ina hospitali ambayo jina lake limevuka mipaka. Hospitali ya CBCA Ndosho inajulikana kwa kupasua majeruhi wa vita kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR. Mwezi wa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, ilipokea mamia ya majeruhi kwa siku chache. Lakini risasi inaonekana na damu yake inaonekana. Ugonjwa wa moyo unakuja kimya. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu karibu milioni 17,9 duniani mwaka 2019, na wengi wao walikuwa katika nchi maskini na zenye kipato cha kati.

Moyo unachoka namna gani?

Moyo ni pampu yenye ukubwa wa ngumi. Kwa siku moja unapiga kama mara 100 000. Ukilegea, damu haisukumwi vizuri na maji yanabaki mwilini. Yakijaa kwenye mapafu, mgonjwa anakohoa, anashindwa kulala chali na anaongeza mito ili apumue. Yakishuka chini, miguu inavimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Baadaye hata tumbo linajaa.

Sababu ni nyingi. Ya kwanza ni tansio, yaani presha ya damu. Ikipanda, moyo unasukuma damu kwa nguvu kila siku, hadi unachoka. Kipimo kikirudia kuonyesha 14 kwa 9 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni tansio ya kutunza. Wengi wanayo bila kujua, kwa sababu mara nyingi haiumi.

Sababu nyingine inawapata akina mama. Mwishoni mwa mimba, au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa, moyo wa mama unaweza kulegea ghafla. Nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi. Lakini mama anayekosa pumzi akilala anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Yote yanaweza kuanzia kooni

Kwa watoto na vijana, ugonjwa wa moyo mara nyingi unaanzia mbali: kwenye koo. Kuna aina ya bakteria inayosababisha maumivu ya koo na homa, hasa kati ya miaka 5 na 15. Isipotibiwa, na hasa ikirudia, mwili wa mtoto unaweza kugeuka na kushambulia vali za moyo, ile milango midogo inayofungua na kufunga njia ya damu. Koo linapona, vali zinabaki na makovu. Miaka baadaye kijana anashindwa kupanda mlima au kubeba bidoni ya maji.

Ugonjwa huu unapenda nyumba ambamo watu wengi wanalala katika chumba kimoja. Familia nyingi za Goma zimeishi hivyo tangu vita viwasukume watu mjini. Mwaka 2018, nchi wanachama wa OMS zilipitisha azimio la kupambana nao. Dawa yake ni ya zamani: penisilini. Mtoto ambaye moyo wake umekwisha kuguswa anapigwa sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili vali zisiharibike zaidi.

Dawa za kila siku

Mgonjwa wa moyo uliochoka kwa kawaida anapewa furosemide, ambayo inatoa maji kupitia mkojo. Zipo pia enalapril au losartan, ambazo zinapunguza mzigo wa moyo, na bisoprolol, inayotuliza mapigo. Kwa tansio, amlodipine inatumika sana. Enalapril inaweza kuleta kikohozi kikavu, na pamoja na losartan haifai kwa mwanamke mwenye mimba. Ndiyo maana dawa ya jirani isiazimwe.

Kosa kubwa ni kuacha dawa baada ya kujisikia vizuri. Malaria inatibiwa siku chache, ikaisha. Tansio haiko hivyo: kipimo kimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, inapanda tena.

Vali zikiharibika sana, dawa peke yake haitoshi, na upasuaji unaweza kuhitajika. Upasuaji wa moyo unafanyika Kigali katika hospitali ya King Faisal, Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kigali iko karibu kilomita 160 kwa barabara, lakini pesa ndizo ziko mbali. Uwanja wa ndege wa Goma na benki za mji vilifungwa Januari 2025, na familia nyingi zilibaki bila njia ya kufikia hata akiba yao.

Kwa hiyo kinga ndiyo rahisi zaidi. OMS inashauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kidogo kimoja. Makayabu yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe, na kibe za mchuzi zipunguzwe. Sigara iachwe. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituo cha afya.

Maumivu mazito kifuani yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho baridi, hayangoji asubuhi. Na kwa yule aliyevimba miguu, kupima tansio kunachukua dakika chache, bila sindano. Apimwe kwanza. Swali la nani alitia nini ndani ya kikombe linaweza kungoja.