Ajenti na Mwanakandarasi Wakishirikiana, Mwenye Nyumba Huumia

Ajenti anayesimamia fleti hulipia ukarabati kwa ada ya huduma inayotolewa na wenye nyumba. Mgongano wa maslahi hutokea anapoipa kazi kampuni yake, ya jamaa yake, au ya mwanakandarasi anayemrudishia asilimia. Anayepaswa kulinda bei isipande huwa ndiye anayefaidika ikipanda.

Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa fleti inawapa wenye nyumba shirika lao la kusimamia jengo. Nayo Sheria ya Hongo ya 2016 inagusa pia sekta ya kibinafsi.

Kabla ya kuidhinisha malipo, wakaazi wanashauriwa kudai makadirio ya bei kutoka kwa wanakandarasi watatu, tamko la maandishi kuhusu uhusiano wowote, na risiti za vifaa vilivyonunuliwa.