Figo zinapochoka, mifupa ndiyo hulipa

Maumivu ya mifupa, mwili kuwasha na kuishiwa nguvu: watu wengi husema ni uzee, malaria au uchovu wa kazi. Lakini kwa mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu, dalili hizo zinaweza kutoka kwenye figo zinazodhoofika polepole.

Mjini Kinshasa, utafiti wa Daktari Ernest Sumaili na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima watu 503. Asilimia 12.4 walikutwa na ugonjwa sugu wa figo. Kati ya wagonjwa hao, asilimia 3 tu ndio walikuwa wanajua hali yao.

Wengi wanajua kwamba figo husafisha damu na kutoa mkojo. Kisichosemwa sana ni kwamba ndizo pia huweka sawa madini ya mwili na kutengeneza homoni.

Kalsiamu inatolewa mifupani

Figo nzima hutoa fosforasi iliyozidi. Pia huigeuza vitamini D iwe tayari kuusaidia mwili kunyonya kalsiamu ya chakula. Figo zikichoka, fosforasi inabaki ndani na kalsiamu ya damu inaanza kushuka. Hapo tezi nne ndogo za shingoni, ziitwazo parathairoidi, hutoa homoni kwa wingi, na homoni hiyo huchota kalsiamu kutoka mifupani.

Damu inapata inachotafuta, lakini mifupa inadhoofika na inaweza kuvunjika hata kwa kuanguka kidogo. Madini hayo yakizidi, huweza kujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu, na moyo ukaumia.

Figo hutoa pia homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Ikipungua, mgonjwa anapungukiwa damu, na vidonge vya kuongeza damu peke yake mara nyingi havitoshi.

Hatari ya kujitibu

Mtu akisikia mifupa inamuuma, hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kalsiamu bila kupimwa. Ni kweli muganga anaweza kumwandikia mgonjwa wa figo kalsiamu. Lakini mara nyingi humwambia aimeze pamoja na chakula, ili ishike fosforasi tumboni isiingie kwenye damu, na kiasi chake hufuata majibu ya vipimo. Anayejipangia mwenyewe anaweza kuiongezea mishipa yake mzigo.

Chakula nacho kina sehemu yake. Sambaza na ndakala, zinazoliwa pamoja na mifupa yake, zina fosforasi nyingi. Soda za kola na nyama nyingi za viwandani huongezewa fosforasi ambayo mwili huinyonya kwa urahisi kuliko ile ya maharagi. Hata hivyo, mgonjwa asijinyime chakula ovyo, maana kukonda nako ni hatari. Aulize muganga apunguze nini na kwa kiasi gani.

Nini kifanyike

Mwenye kisukari au shinikizo la damu aombe kupimwa kreatinini ya damu na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Aliyekwisha kuambiwa figo zake ni dhaifu aulize pia kuhusu kalsiamu, fosforasi na homoni ya parathairoidi. Figo huharibika kimyakimya. Kungoja maumivu ni kuchelewa.